Maji yakitoweka kinuni

Mwaka 1972, wataalamu wa kiwanda cha kurutubisha urani cha Pierrelatte, kusini mwa Ufaransa, walipima shehena iliyotoka Gabon wakakuta hesabu haitimii. Urani yote inayochimbwa duniani, iwe ya Kongo, ya Kanada au ya Australia, ina kiwango kilekile cha urani ya aina ya 235: asilimia 0.720. Hii ya Gabon ilikuwa na asilimia 0.717. Kwa madini mengine, upungufu mdogo namna hiyo usingemsumbua mtu. Lakini urani 235 ndiyo inayotengenezewa mabomu, na kila gramu yake huandikwa kitabuni. Wakafuatilia shehena moja baada ya nyingine hadi wakafika kwenye chanzo chake, mgodi wa Oklo katika mkoa wa Haut-Ogooué. Huko walikuta mwamba ambao sehemu ya urani yake ilikwisha kuungua zamani sana. Takriban miaka bilioni mbili iliyopita, ardhi ya Gabon ilijiwashia vinu vya nyuklia yenyewe.

Sijui mahali pazuri zaidi pa kujifunzia kazi ya kinu cha nyuklia kuliko Oklo, kwa kuwa pale hapakuwa na mhandisi wala mitambo. Palikuwa na urani iliyokusanyika kwa wingi, na maji ya ardhini yaliyopenya katika nyufa za mwamba. Maji yalipojaa, moto wa nyuklia uliwaka. Joto likayageuza maji kuwa mvuke, mvuke ukatoroka, na moto ukazimika. Mwamba ulipopoa maji yalirudi, ukawaka tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliopima gesi ya zenoni iliyonaswa ndani ya madini hayo, walikadiria mwaka 2004 kwamba kinu kiliwaka kwa dakika 30 hivi, kisha kikalala kwa saa mbili na nusu, kisha kikaamka. Mzunguko huo uliendelea kwa mamia ya maelfu ya miaka.

Kinu cha Oklo kilipokosa maji kilizimika. Kinu cha Chernobyl kilipopungukiwa maji kilizidi kuwaka. Msomaji akiielewa tofauti hiyo, atakuwa ameelewa sehemu kubwa ya yale ambayo wahandisi wa nyuklia wamekuwa wakibishana kwa miaka themanini. Nasema hivi kwa sababu mjadala wa nyuklia umefika Afrika Mashariki, na swali linaloulizwa kwenye redio na mikutano ya hadhara ni lile la jumla: nyuklia ni salama au si salama? Swali hilo halina jibu mpaka itajwe aina ya kinu.

Nyutroni na mwendo wake

Kiini cha atomu ya urani 235 kikigongwa na nyutroni hupasuka vipande viwili. Vipande hivyo huruka kwa kasi kubwa, vikazigonga atomu za jirani na kuzitikisa, na mtikisiko huo ndio joto. Pamoja navyo hutoka nyutroni mpya mbili au tatu. Moja yake ikipasua kiini kingine, na hicho kikatoa nyutroni nyingine, mfululizo unaendelea wenyewe. Otto Hahn na Fritz Strassmann waliuona mpasuko huo katika maabara yao mjini Berlin mwezi Desemba 1938, lakini aliyeueleza kwanza ni Lise Meitner, mwanafizikia aliyekuwa amekimbilia Sweden kuwakwepa Wanazi, akisaidiana na mpwa wake Otto Frisch.

Ugumu uko kwenye mwendo. Nyutroni huzaliwa ikikimbia takriban kilomita 20,000 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo mara nyingi huipita urani 235 bila kuipasua. Ikipunguzwa hadi kilomita mbili hivi kwa sekunde, uwezekano wa kupasua huongezeka mara mamia. Inapunguzwaje? Mtoto aliyecheza gololi anajua: gololi ikigonga ukuta hurudi na karibu kasi yake yote, lakini ikigonga gololi nyingine iliyotulia, huiachia mwendo wake palepale. Nyutroni ina uzito karibu sawa na kiini cha haidrojeni, na maji yamejaa haidrojeni. Ndiyo maana maji ya Oklo yaliwasha moto badala ya kuuzima.

Maji ya kawaida yana kasoro moja: humeza baadhi ya nyutroni. Zamani za Oklo hilo halikuwa tatizo, kwa sababu urani ya asili ilikuwa na takriban asilimia tatu za aina ya 235. Tangu hapo aina hiyo imeoza haraka kuliko dada yake, urani 238, na leo imebaki asilimia 0.7 tu. Kwa hiyo anayetaka kuendesha kinu kwa maji ya kawaida hana budi kuirutubisha urani hadi asilimia tatu au tano, yaani airudishe takriban pale ilipokuwa miaka bilioni mbili iliyopita. Asiyetaka kurutubisha atafute kitu kingine cha kupunguza mwendo, kisichomeza nyutroni: maji mazito, ambayo haidrojeni yake ina uzito maradufu, au kaboni safi, yaani grafiti.

Aina zote za vinu duniani zimetokana na uchaguzi wa mambo matatu: utawasha nini, utapunguza mwendo wa nyutroni kwa nini, na utaliondoa joto kwa nini.

Liko jambo la nne ambalo hakuna mhandisi aliyelichagua, na bila hilo tusingekuwa na umeme wa nyuklia kabisa. Katika kila nyutroni 1,000 zinazozaliwa kwenye urani 235, sita au saba huchelewa. Hazitoki wakati wa mpasuko. Hutoka kwenye vipande vilivyobaki, baada ya sekunde kadhaa, nyingine baada ya karibu dakika nzima. Hizo chache zinazochelewa ndizo zinazompa binadamu nafasi ya kusogeza fito za udhibiti, ambazo hutengenezwa kwa vitu vinavyomeza nyutroni kama boroni, na kupandisha au kushusha nguvu taratibu. Mfululizo ukifika mahali hauzihitaji tena hizo zinazochelewa, hakuna mkono wala mashine itakayouwahi. Nitalirudia hili nikifika Chernobyl.

Kutoka Katanga hadi baharini

Kinu cha kwanza kilichojengwa na watu kiliwashwa mjini Chicago tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa chuo kikuu. Kilikuwa rundo la matofali ya grafiti lililochomekwa vipande vya urani, likisimamiwa na Enrico Fermi, na nguvu yake siku ile haikutosha kuwasha hata balbu. Bara letu limo katika historia hiyo. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu wa Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Mkurugenzi wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, alikwishapeleka zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo New York mwaka 1940, kabla Marekani haijaingia vitani. Na kinu cha kwanza cha utafiti barani Afrika kiliwashwa Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville, mwaka 1959. Kilikuwa cha aina ya TRIGA, ambayo kinachopunguza mwendo wa nyutroni, haidrojeni, kimechanganywa ndani ya fueli yenyewe. Fueli ikipata joto kupita kiasi, haidrojeni huacha kupunguza mwendo vizuri na nguvu hushuka papo hapo, bila mtu kugusa chochote. Ndiyo maana vinu hivyo viliaminiwa mikononi mwa wanafunzi wa vyuo.

Lakini aina iliyoenea duniani haikutoka chuoni, ilitoka jeshini. Kapteni Hyman Rickover wa jeshi la majini la Marekani alitaka nyambizi inayoweza kukaa chini ya maji kwa wiki nyingi. Ndani ya nyambizi nafasi ni finyu, na kwa nafasi finyu hakuna kinachopunguza mwendo wa nyutroni haraka kuliko maji. Nyambizi yake, Nautilus, iling'oa nanga kwa nguvu za nyuklia Januari 1955. Kufikia mwisho wa mwaka 1957 kinu cha jamii hiyohiyo kilikuwa kinafua umeme nchi kavu, huko Shippingport, Pennsylvania.

Hiki ndicho kinu cha maji ya mgandamizo. Urani iliyorutubishwa hutengenezwa vidonge visivyozidi sentimita moja kwa upana. Kidonge kimoja cha gramu saba hutoa joto la karibu tani nzima ya makaa ya mawe. Vidonge hupangwa ndani ya mirija myembamba ya zikoniamu, mirija hufungwa mafungu, na mafungu hushushwa ndani ya pipa la chuma ambalo unene wa ukuta wake unazidi sentimita 20. Maji hupita humo kwa mgandamizo wa takriban mara 150 ya hewa tunayovuta, hivyo hata yakifika nyuzijoto 325 hayachemki. Yakitoka hupitia maelfu ya vijibomba, na nje ya vijibomba hivyo kuna maji mengine, yasiyogusana na yale ya kwanza. Hayo ya pili ndiyo yanayochemka, na mvuke wake ndio unaozungusha turbaini. Maji ya tatu, kwa kawaida ya bahari au mto, hupoza mvuke urudi kuwa maji. Kilichogusa urani hakifiki kwenye turbaini, wala cha turbaini hakifiki baharini.

Katika vinu takriban 440 vinavyofua umeme duniani, karibu 300 ni vya aina hii. Cha Koeberg, kaskazini mwa Cape Town, kilichoanza kuuza umeme mwaka 1984 kwa teknolojia ya Ufaransa, ndicho kituo pekee cha umeme wa nyuklia kilichopo kazini barani Afrika. Misri inajenga vinu vinne vya Kirusi vya jamii hiyo huko El Dabaa. Na Barakah, magharibi ya Abu Dhabi, vinu vinne vilivyojengwa na Wakorea vinatoa karibu robo ya umeme wa Falme za Kiarabu. Cha mwisho kiliingia kazini kibiashara Septemba 2024. Waswahili wanaoishi Dubai na Abu Dhabi wanapoza vyumba vyao kwa umeme huo, pengine bila kujua.

Ndugu yake ni kinu cha maji yanayochemka. Hiki huruhusu maji kuchemka humohumo kwenye pipa la urani, na mvuke ule ule huenda kwenye turbaini. Vifaa hupungua na mgandamizo hushuka hadi kama nusu. Gharama yake ni kwamba turbaini nayo hupitiwa na mvuke wenye mionzi, na fito za udhibiti lazima ziingie kutoka chini, kwa sababu juu pamejaa vyombo vya kukausha mvuke.

Katika aina hizi zote mbili maji hufanya kazi mbili kwa pamoja: hupoza, na hupunguza mwendo wa nyutroni. Yakitoweka, mfululizo wa mpasuko unakatika, kama ulivyokatika Oklo. Ningependa kuishia hapo niseme ni salama, ila habari haijaisha.

Joto lisilokubali kuzimwa

Vipande vya urani iliyopasuka ni vyenyewe vyenye mionzi, na vinaendelea kutoa joto hata baada ya fito zote kushushwa. Kinu kikizimwa sasa hivi, joto linalobaki ni asilimia sita au saba ya nguvu yake ya kawaida. Baada ya saa moja ni kama asilimia moja na nusu, baada ya siku nzima ni chini kidogo ya nusu asilimia. Asilimia hizo zinasikika ndogo. Kwa kinu chenye nguvu ya joto ya megawati 3,000, sekunde ya kwanza baada ya kuzimwa bado kuna megawati 200 za joto zinazotafuta pa kwenda, na kesho yake zingalipo zaidi ya 10. Joto hilo halina swichi. Njia ni moja tu, kulichukua na kulipeleka nje, na kwa vinu vingi duniani hilo linahitaji pampu, na pampu inahitaji umeme.

Hiki ndicho kilichotokea Three Mile Island, Pennsylvania, tarehe 28 Machi 1979. Mpasuko ulikwisha kuzimwa ndani ya sekunde chache, lakini valvu moja ilikwama ikiwa wazi na maji yakawa yanavuja. Vipimo vikawapotosha wafanyakazi wakadhani maji yamezidi, wakapunguza maji ya dharura. Karibu nusu ya fueli iliyeyuka. Jengo la zege lililokifunika kinu lilivumilia, na mionzi iliyotoka nje ilikuwa kidogo.

Fukushima, Japani, tarehe 11 Machi 2011, vinu vitatu vilivyokuwa kazini vilijizima vizuri tetemeko lilipopiga. Jenereta za dizeli zikawaka, pampu zikaendelea. Chini ya saa moja baadaye mawimbi ya tsunami yalivuka ukuta, yakafurika vyumba vya chini zilikowekwa jenereta. Umeme ukakatika, pampu zikasimama, joto likabaki. Ndani ya siku chache fueli ya vinu vyote vitatu ilikuwa imeyeyuka, na haidrojeni iliyotokana na zikoniamu kuungua ndani ya mvuke ikalipua majengo. Urani ilikuwa imezimika tangu mwanzo. Jambo hilo linanisumbua kila ninaposoma ripoti za ajali ile: watu walifanya walichotakiwa, mashine ikazimika ilivyotakiwa, na bado familia zaidi ya laki moja zikahama… la, tuseme sawasawa, watu zaidi ya laki moja wakahama makwao, kwa sababu jenereta ziliwekwa mahali pa chini.

Chernobyl: maji yalipokuwa kizuizi

Wasovieti walichagua njia nyingine. Kinu chao cha RBMK kilikuwa rundo kubwa la matofali ya grafiti lenye mashimo ya wima zaidi ya 1,600, na ndani ya kila shimo bomba lenye fueli na maji yanayopita. Sababu zao zilieleweka. Hakukuwa na haja ya kufua pipa moja kubwa la chuma, kinu kiliweza kukuzwa kwa kuongeza mabomba, na fueli ilibadilishwa bila kukizima. Lakini tazama kazi zilivyogawanywa. Grafiti ndiyo iliyopunguza mwendo wa nyutroni. Maji yalibaki na kazi ya kupoza, na pembeni yake yakawa yanameza nyutroni. Maji yakigeuka mvuke, kumeza kunapungua, huku grafiti iko palepale ikiendelea na kazi. Nguvu inapanda, mvuke unazidi, nguvu inapanda tena.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 1986, wafanyakazi wa kinu namba 4 cha Chernobyl walikuwa wanafanya jaribio kuhusu tatizo lile lile la Fukushima: umeme wa nje ukikatika, je, turbaini inayopungua mwendo inaweza kuendesha pampu hadi jenereta za dizeli zishike? Maandalizi yaliharibika. Nguvu ilianguka hadi megawati 30 za joto, na ili kuipandisha walichomoa karibu fito zote. Wakaipata 200 tu, wakaendelea. Saa 7 na dakika 23 usiku jaribio lilianza. Sekunde 36 baadaye kikabonyezwa kitufe cha kuzima.

Kitufe hicho ndicho kilichokamilisha maangamizi. Chini ya kila ufito wa kumeza nyutroni palikuwa na kipande kirefu cha grafiti. Fito zilipoanza kushuka, grafiti hiyo ilitangulia ikasukuma maji nje ya sehemu ya chini ya kinu, na maji ndiyo yaliyokuwa yanameza nyutroni pale. Kwa sekunde chache za mwanzo, kuzima kukawa kuwasha. Mfululizo ukavuka ule mpaka niliousema, ukaacha kuzihitaji nyutroni zinazochelewa. Kifuniko cha kinu, chenye uzito wa zaidi ya tani elfu moja, kikatupwa juu. Jengo la zege la kuzuia mionzi, la aina iliyookoa watu wa Three Mile Island, halikuwepo.

Leonid Toptunov, aliyekuwa akiendesha kinu usiku ule, alikuwa na miaka 25. Alikufa hospitalini Moscow mwezi uliofuata. Wafanyakazi na wazimamoto 28 walikufa kwa mionzi ndani ya miezi michache. Miezi minne baada ya ajali, ujumbe wa Kisovieti mjini Vienna uliwatwisha wafanyakazi lawama. Ilichukua hadi mwaka 1992 kwa wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki kuandika wazi kwamba kasoro ya fito ilikuwa imeonekana Ignalina, Lithuania, mwaka 1983, miaka mitatu kabla, na waliokaa kwenye chumba cha kuendeshea hawakuelezwa. Naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko lolote lililofanyika usiku ule. Vinu vya RBMK vilivyobaki Urusi vilirekebishwa: fueli tofauti, fito za ziada, kuzima kwa haraka zaidi.

Waliotafuta njia nyingine

Si kila kinu cha mabomba ni Chernobyl. Wakanada, ambao baada ya vita hawakuwa na kiwanda cha kurutubisha urani wala cha kufua mapipa mazito ya chuma, walijenga CANDU: tangi la maji mazito lililopitishwa mabomba ya ulalo, kwa mamia, kila moja na fueli ya urani ya asili. Mashine mbili husimama moja kila upande, moja ikisukuma fungu jipya ndani na nyingine ikipokea lililoungua, kinu kikiwa kazini. Nchi isiyotaka kumtegemea mtu kwa urani iliyorutubishwa huvutiwa na kinu hiki. India imejenga vya jamii hiyo kwa wingi. Ni haki pia kusema kwamba maji yakichemka ndani ya mabomba ya CANDU, nguvu hupanda kidogo. Wakanada walilijua hilo mapema, wakaweka njia mbili za kuzima zisizotegemeana: fito zinazodondoka kwa uzito wake, na dawa ya gadoliniamu inayofyatuliwa ndani ya maji mazito. Ugonjwa uliofanana na ule wa RBMK, ila huku ulitajwa na ukatibiwa.

Waingereza walipoza kwa gesi. Calder Hall, kilichofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1956, kilitumia grafiti na kaboni dayoksidi. Kutoka kwenye ukoo huo wa gesi na grafiti ndiko kulikotoka wazo ninaloliona kuwa zuri kuliko yote, na ambalo Afrika Kusini ililifanyia kazi kwa miaka kabla ya kuliacha mwaka 2010 fedha zilipokauka: kinu cha mipira. Urani hutengenezwa chembe ndogo mno, kila chembe ikafunikwa matabaka ya kaboni na kauri, kisha maelfu ya chembe hufinyangwa ndani ya mpira wa grafiti wenye upana wa sentimita sita. Chembe hizo huhimili takriban nyuzijoto 1,600 bila kuachia mionzi. Kinu hujazwa mipira kwa mamia ya maelfu, na gesi ya heliamu, isiyochemka wala kuungua, hupita katikati yake. Fueli ikipata joto kupita kiasi, urani 238 iliyomo huanza kumeza nyutroni nyingi zaidi na nguvu hushuka. Na kwa kuwa kinu ni chembamba na joto lake kwa kila mita ya ujazo ni dogo, joto linalobaki baada ya kuzimwa hupenya kutani na kutoka lenyewe.

China ilikichukua kinu hicho na kukimaliza. Katika ghuba ya Shidao, mkoa wa Shandong, vinu viwili vya mipira vinaendesha turbaini moja ya megawati 210, na viliingia kazini kibiashara Desemba 2023. Mwaka huohuo wahandisi walikata kwa makusudi upozaji wa vinu hivyo, kimoja kimoja, vikiwa kazini. Vilipoa vyenyewe.

Wengine waliacha kabisa kupunguza mwendo wa nyutroni. Kinu cha nyutroni za kasi hupozwa kwa sodiamu iliyoyeyuka, na kinaweza kuigeuza urani 238, ambayo ndiyo zaidi ya asilimia 99 ya kinachochimbwa, kuwa plutoniamu ya kuchoma tena. Urusi inaviendesha viwili vya namna hiyo huko Beloyarsk, kimoja tangu mwaka 1980. Sodiamu huwaka ikikutana na hewa na hufoka ikikutana na maji: Monju, Japani, ilivuja mwaka 1995 na kinu hicho hakikurudi tena kwenye kazi ya kawaida. Ufaransa nayo ilifunga Superphénix. Aina hii inahitaji nchi yenye mafundi wengi na subira ndefu, na sioni kwa nini mtu angeianzia.

Siaya, na ukubwa wa gridi

Nchini Kenya, mpango wa kituo cha nyuklia cha takriban megawati 1,000 ulielekezwa kwanza Uyombo, kaunti ya Kilifi. Mwaka 2024 wakazi waliandamana, wakihofia uvuvi, mikoko na msitu wa Arabuko Sokoke. Baadaye serikali iligeukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Tanzania ilizindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani wa Mto Mkuju, Namtumbo, Julai 2025, Uganda imetaja Buyende, na Rwanda ilitia saini mwaka 2023 na kampuni ya Dual Fluid kuhusu kinu cha majaribio. Mabishano mengi yamekuwa juu ya mahali. Ningependa yahusu pia ukubwa na aina.

Mahitaji ya juu kabisa ya umeme nchini Kenya yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025. Kanuni wanayoishika wahandisi wa gridi ni kwamba mtambo mmoja usizidi takriban sehemu ya kumi ya mfumo mzima, kwa sababu kila mtambo siku moja utazimika ghafla, na mingine lazima iweze kuziba pengo. Kinu kimoja cha megawati 1,000 kingekuwa zaidi ya theluthi ya mahitaji hayo. Kikijizima, hata kwa kasoro ndogo isiyo na hatari yoyote, mitambo iliyobaki ingezidiwa na nchi kuingia gizani, kama ilivyoingia Agosti 2023. Na hapo, katika dakika zilezile, kinu kilichozimika kingekuwa kinautafuta umeme wa gridi hiyohiyo iliyoanguka ili kiondoe joto lake. Kwa nchi yenye gridi kubwa, kuzimika kwa kinu na kukatika kwa umeme ni matukio mawili. Kwa gridi ndogo yanaweza kuwa tukio moja.

Kwa kulinganisha, kila turbaini kati ya tisa za Bwawa la Mwalimu Nyerere hufua megawati 235, na kituo kizima cha Shidao ni 210. Meli ya Kirusi Akademik Lomonosov, iliyotia nanga Pevek, kaskazini kabisa mwa Urusi, ina vinu viwili vya megawati 35 kila kimoja. Vinu vidogo bado ni vichache, na bei yake kwa kila megawati haijathibitika: mradi wa kampuni ya NuScale, uliopangwa kujengwa Idaho, Marekani, ulivunjwa Novemba 2023 gharama zilipopanda. Vikubwa navyo vina historia yao. Kinu namba 3 cha Flamanville, Ufaransa, kiliunganishwa na gridi Desemba 2024, miaka 12 baada ya tarehe iliyoahidiwa.

Atakayekwenda kwenye mkutano wa hadhara Siaya anaweza kumuuliza mtaalamu yeyote swali moja, na mtaalamu hana sababu ya kushindwa kulijibu kwa tarakimu: gridi ikianguka na jenereta zikakataa kuwaka, kinu hiki kitapoa kwa saa ngapi bila mtu kukigusa? Kwa kinu namba 1 cha Fukushima jibu lilikuwa saa chache. Kwa AP1000 ya Marekani, ambayo ina tangi la maji juu ya paa la kinu yanayoshuka kwa uzito wake, jibu la watengenezaji ni saa 72. Kwa kinu cha mipira cha Shidao, hakuna saa ya kuhesabu.